Archibald McIndoe: Mpasuaji aliyewarejeshea marubani nyuso na pua zao

MCHONGAJI wa mawe ya Tabaka hujua jambo moja kabla ya kuishika patasi: kipande akishakiondoa hakirudi. Ndiyo maana mafundi wa eneo hilo la Mugirango Kusini, si mbali na soko la Nyamarambe, hulizungusha jiwe mkononi kwa muda kabla ya kulikata, wakitafuta mahali lilipo laini na mahali penye ufa uliojificha. Fundi mwenye pupa huishia kuwa na kokoto.

Daktari anayerekebisha pua ya binadamu yumo katika hali iyo hiyo, ila jiwe lake lina damu, na mwenye jiwe ataamka kesho aulize kioo. Miongoni mwa madaktari wa karne iliyopita, ni wachache waliolielewa jambo hilo kwa undani kama Archibald Hector McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Uingereza na ambaye katika miaka yake ya mwisho aliuweka moyo wake kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Jina lake halisikiki sana vijijini Gusii, wala kwingineko nchini. Hata hivyo, kila ndege ya madaktari inayopaa kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda kumchukua mgonjwa huko nyikani, ina nasaba naye. Maisha yake yanastahili kusimuliwa, hasa wakati huu ambapo upasuaji wa pua umekuwa mazungumzo ya vijana wanaotaka kufanana na picha wanazoziona kwenye simu zao.

McIndoe alizaliwa mjini Dunedin, kusini mwa New Zealand, mnamo Mei 4, 1900. Babake, John McIndoe, alikuwa mpigaji chapa, naye mamake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji aliyejulikana nchini humo. Si ajabu basi kwamba mtoto wao alikua akitazama nyuso kwa jicho la msanii, ingawa mikono yake ilikuwa minene na vidole vifupi, mikono ambayo mtu angeidhania kuwa ya mkulima.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, papo hapo Dunedin. Alipofuzu alipata nafasi adimu ya kwenda Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Nafasi hiyo ilikuwa ya mwanamume asiyekuwa na mke. McIndoe alikuwa amempenda binti aitwaye Adonia Aitken, wakaoana kwa siri mwaka wa 1924, naye bwana harusi akasafiri peke yake kana kwamba ni kapera. Mkewe alimfuata baadaye. Tangu hapo ilionekana wazi kwamba huyu hakuwa mtu wa kuziogopa kanuni zilizomsimamia njiani.

Huko Minnesota hakushughulika na pua hata kidogo. Alikuwa mpasuaji wa tumbo, na sifa yake ilitokana na utafiti kuhusu ini. Huenda angezeekea Marekani akiwa tajiri na asiyejulikana nje ya fani yake, lau daktari mmoja mashuhuri wa Uingereza, Lord Moynihan, asingemshawishi aende London. McIndoe alihamia huko mwishoni mwa 1930 pamoja na mkewe na mtoto, akitarajia kazi. Kazi haikuwapo. Mwanamume wa miaka 30, mwenye shahada na tuzo, akajikuta anahangaika katika jiji lililokumbwa na mdororo wa uchumi.

Aliyemwokoa ni jamaa yake, Sir Harold Gillies. Naye Gillies alikuwa mzaliwa wa Dunedin, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa ameijenga fani mpya kabisa: kutengeneza upya nyuso za askari zilizopasuliwa na mabomu na risasi. Alimkaribisha McIndoe katika kazi yake, akamtafutia nafasi hospitalini, na polepole akamgeuza mpasuaji wa tumbo kuwa mpasuaji wa sura. Vita vya Pili vilipozuka mwaka wa 1939, Uingereza nzima ilikuwa na wataalamu wanne tu waliofanya kazi hiyo peke yake: Gillies, McIndoe, Rainsford Mowlem na Thomas Kilner.

Hapa inafaa msomaji aelezwe pua ni kitu gani, maana wengi wetu huiona kama kipande cha nyama kilichobandikwa usoni. Pua ni nyumba. Thuluthi yake ya juu ni mfupa, na sehemu iliyosalia husimama kwa gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika kama ya sikio. Katikati mna ukuta unaotenganisha matundu mawili, nao ndio nguzo inayobeba paa. Ndani mna utando laini wenye unyevu, na nje mna ngozi. Ukiijenga pua kwa ngozi pekee itanywea kama hema lililong'olewa mti. Ukiiwekea nguzo bila utando wa ndani, matundu yataziba.

Ujuzi wa kuijenga nyumba hiyo haukuanzia Ulaya. India ilikuwa nao kwa karne nyingi, kwa kuwa kukatwa pua kulikuwa adhabu na aibu, na mafundi wa huko walijua kuiteremsha ngozi ya kipaji cha uso, ikiwa bado imeshikamana na mishipa yake ya damu, na kuifinyanga pua mpya. Waingereza walisoma habari hizo mwaka wa 1794 katika jarida moja la London lililosimulia kisa cha mwendesha mikokoteni aliyekatwa pua na askari wa Tipu Sultan. Madaktari wa Ulaya wakaiga. Yafaa lisemwe bila kigugumizi, kwa sababu tumezoea kufundishwa kwamba kila utaalamu ulikuja kwa meli kutoka kaskazini.

Gillies aliongeza hatua yake mwaka wa 1917. Aliinyanyua ngozi ya kifua au bega, akaishona ikawa kama bomba, upande mmoja ukiwa umeshikamana na mwili ili damu iendelee kupita, na upande wa pili akaupeleka usoni. Mgonjwa aliishi kwa majuma kadhaa akiwa na kitu kama mkonga wa ndovu unaoning'inia kutoka puani. Damu ilipokwisha kuzoea makao mapya, bomba lilikatwa na pua kuchongwa. Hiyo ndiyo njia ambayo McIndoe alirithi, na ambayo angeitumia kuliko alivyowahi kudhani.

Mnamo 1938 aliteuliwa mshauri wa Jeshi la Wanahewa la Uingereza katika masuala ya upasuaji huo. Vita vilipoanza alipelekwa East Grinstead, mji mdogo kusini mwa London, katika Hospitali ya Queen Victoria. Waliokuwa na majeraha ya moto aliwaweka katika Wodi ya Tatu, jengo la mbao lisilo na fahari yoyote.

Halafu ukaja mwaka wa 1940 na vita vya angani dhidi ya Wajerumani. Ndege za kivita za wakati huo zilibeba tangi la mafuta karibu mno na rubani. Risasi ikilipata tangi, moto ulimrukia usoni na mikononi, na kwa sekunde chache alizohitaji kulifungua dari na kuruka kwa parachuti, alikuwa ameshapoteza kope, midomo, masikio, pua na vidole. Wengi walikuwa na umri wa miaka 20 au 21. Kabla ya hapo watu wenye majeraha ya namna hiyo walikufa, kwa hiyo hapakuwa na kitabu cha kumfundisha daktari afanye nini nao wakiishi.

Dawa iliyotumika hospitalini wakati huo ilikuwa asidi ya taniki, ile inayotumiwa kulainisha ngozi za wanyama viwandani. Ilipakwa kwenye jeraha ikakauka na kuwa gamba gumu. Kwa jeraha dogo ilifaa. Kwa mkono wa rubani ilikuwa balaa, kwani gamba lilivikunja vidole vikawa kama makucha, na kwenye kope liliyaacha macho yakiwa wazi usiku na mchana.

McIndoe alitambua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Marubani walioangukia baharini walikuwa wakipona vyema kuliko walioangukia nchi kavu. Akaanza kuwatumbukiza wagonjwa wake katika bafu za maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akaupinga utumiaji wa asidi ile, na wakuu wa tiba wakalazimika kuiacha. Ugunduzi huo haukuhitaji mtambo wala fedha. Ulihitaji mtu wa kutazama.

Baada ya jeraha kutulia ndipo kazi ya sura ilipoanza. Kope kwanza, ili macho yapone. Kisha midomo, ili mtu ale. Pua ilisubiri. Mgonjwa mmoja angeweza kurudi mezani mara 10, 20, hata 30, kwa miaka mitatu au minne. McIndoe alikuwa na msimamo kwamba kila tishu iliyo hai iachwe ilipo, hata kama haipendezi kwa sasa, kwa kuwa kipande kidogo cha mtu mwenyewe kina thamani kushinda kipande kikubwa kilichotolewa kwingine. Panapobaki nguzo, jengea juu yake. Panapobaki utando, usiupoteze.

Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwemo Richard Hillary, rubani aliyeandika kitabu cha The Last Enemy kilichochapishwa mwaka wa 1942 na kuifanya Wodi ya Tatu ijulikane duniani. Hillary hakuridhika na kuishi. Alirudi kuruka ilhali mikono yake haikuwa imara, na Januari 1943 ndege yake ikaanguka. Alikuwa na miaka 23. Kisa chake ni ukumbusho kwamba daktari aweza kumrudishia mtu kope na midomo bila kujua mtu huyo atavipeleka wapi.

Lakini kama McIndoe angekuwa mshona ngozi tu, pengine tusingemkumbuka. Alitambua mapema kwamba pua mpya haimfai kitu mwanamume anayeogopa kutoka nje. Akaanza vita vya pili, safari hii dhidi ya wakubwa wake mwenyewe.

Kanuni ya jeshi ilisema kwamba majeruhi asiyepona kwa siku 90 aachishwe kazi. Siku 90 hazikutosha hata kuimaliza kope moja. McIndoe aliipinga kanuni hiyo hadi wagonjwa wake wakaruhusiwa kubaki jeshini na kulipwa mshahara. Aliyakataa pia mavazi ya buluu ya wagonjwa, ambayo aliona yanawafanya wafanane na wafungwa, akaagiza wavae sare zao za kijeshi au nguo za kiraia. Wodini aliruhusu pipa la bia. Maofisa na askari wa kawaida walilala bega kwa bega, jambo lililowakera waliopenda vyeo kuliko watu.

Kisha akawaendea wakazi wa East Grinstead. Aliwaomba wawaalike vijana hao majumbani, wawakaribishe mikahawani na kwenye dansi, na juu ya yote wawatazame usoni bila kugeuka. Mji uliitikia. Vijana wasiokuwa na pua, wenye mikonga ya ngozi ikining'inia, wakawa wanakunywa chai na wenyeji kama jirani yeyote. Hadi leo mji huo huitwa mji ambao haukukodoa macho.

Mnamo Julai 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama chao, Guinea Pig Club, wakijiita kwa jina la wale wanyama wadogo wanaotumiwa kwa majaribio katika maabara. Walimchagua McIndoe kuwa rais. Inasimuliwa kwamba mweka hazina aliteuliwa kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeungua kiasi kwamba hangeweza kutoroka na fedha, naye katibu kwa kuwa vidole vyake havingemwezesha kuandika kumbukumbu ndefu. Ucheshi huo ulikuwa dawa. Vita vilipokwisha, chama kilikuwa na wanachama 649, wengi wao sasa wakiwa wafanyakazi wa mabomu waliounguzwa pamoja na ndege zao kubwa, si marubani wa 1940 pekee. Walikutana kila mwaka hadi 2007, walipokuwa wazee sana kusafiri.

Tusimfanye malaika. McIndoe alikuwa mkali, mwenye kujipenda na asiyevumilia kupingwa. Wauguzi walimwogopa. Ndoa yake ya siri ya 1924 haikustahimili miaka ya vita na ikavunjika. Mwaka wa 1954 alimwoa Constance Belcham. Alipenda pia fedha, na baada ya vita alizipata. Mwaka wa 1947 alitunukiwa cheo cha Sir, na zahanati yake ya kibinafsi jijini London ikajaa watu waliokuwa na pua nzima kabisa ila hawakuzipenda.

Hapo ndipo maswali ya leo yanapoingia. Upasuaji wa kupunguza pua kwa ajili ya urembo ulipata umbo lake kutoka kwa Jacques Joseph wa Berlin, aliyeanza mwaka wa 1898. Njia iliyoenea baada yake ilikuwa kuikata nundu iliyo juu ya pua, mfupa na gegedu kwa pamoja, kisha kuzivunja kuta za pembeni na kuzisogeza ili kuliziba pengo. Ni sawa na kuezua paa na kulijenga upya. Mara nyingi hupendeza. Lakini miaka ikipita, pua nyingine hubonyea, hupinda, au mwenyewe hushindwa kuvuta pumzi barabara.

Ilikuwapo njia nyingine. Mwaka wa 1899 daktari Goodale wa Boston alieleza jinsi ya kuuacha mgongo wa pua ukiwa mzima, kuondoa ukanda mwembamba chini yake, na kuushusha wote kama mtu anayepunguza urefu wa nguzo bila kuligusa paa. Lothrop aliandika kuihusu mwaka wa 1914, na Maurice Cottle wa Chicago akaiendeleza mnamo 1954. Wapasuaji walio wengi hawakuifuata. Imefufuka katika miaka ya 2010, na sasa inafundishwa kwa jina la upasuaji wa pua unaohifadhi umbile, ambapo mishipa, gegedu na mgongo wa asili huachwa kadiri inavyowezekana.

McIndoe hakuwa mwasisi wa njia hiyo, na itakuwa uongo kumvika taji lisilo lake. Alichokuwa nacho ni tabia ambayo njia hiyo inaidai: uwezo wa kuuzuia mkono. Mfano unaojulikana ni wa mwigizaji Ava Gardner, ambaye Wakenya wa umri fulani watamkumbuka kwa filamu ya Mogambo iliyopigwa Afrika Mashariki. Mnamo 1957, akiwa Uhispania, alijeruhiwa shavuni alipojaribu mchezo wa kupigana na fahali akiwa juu ya farasi. Uvimbe ukabaki, naye aliyeishi kwa uso wake akaingiwa na hofu. Alikwenda London kwa McIndoe. Daktari huyo, ambaye angeweza kumtoza apendavyo na kujipatia sifa ulimwenguni, alimshauri asikatwe. Angoje. Uso wake ukapona wenyewe.

Uamuzi huo unaniambia mengi kuliko orodha ya pua zote alizozitengeneza. Aliyekuwa amejenga nyuso kutoka majivu alijua thamani ya uso ambao haujaguswa na kisu.

Wakati huo tayari Afrika Mashariki ilikuwa imemteka. Alikuwa na shamba huko Ol Molog, upande wa Kilimanjaro unaoitazama Amboseli, katika nchi iliyokuwa Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza. Ni haki kukumbuka kwamba mashamba hayo ya walowezi yalikuwa juu ya ardhi ambayo wengine waliihesabu kuwa yao, na kwamba mgeni aliyekuja kupumzika huko hakuhitaji kuomba ruhusa ya mfugaji aliyepita na ng'ombe wake. McIndoe alikuwa mtu wa zama zake. Hata hivyo macho yake hayakulala akiwa likizoni.

Alichokiona kilikuwa kama Wodi ya Tatu isiyokuwa na wodi. Watoto walioangukia moto wa mafiga, na kovu lililokaza likauvuta mdomo hadi kifuani. Watu walioraruliwa na fisi au simba usoni. Waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Wagonjwa wa ukoma ambao ule ukuta wa katikati ya pua ulikuwa umeliwa na maradhi, paa likashuka na pua ikalala bapa. Wote hao walitibika kwa ujuzi uleule uliowafaa marubani. Kilichokosekana ni daktari, na barabara ya kumfikia.

Mwanafunzi wake mmoja, Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa daktari Nairobi na aliyekuwa na shamba huko huko Ol Molog, alikuwa amepitia mafunzo chini yake East Grinstead. Wood alijifunza pia kuendesha ndege. Wa tatu alikuwa Tom Rees, Mmarekani kijana aliyefunzwa East Grinstead vilevile, na ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa wapasuaji wa pua na uso mashuhuri zaidi New York. Mnamo 1956 watatu hao walikutana chini ya mlima na kuzungumzia wazo ambalo kwa wakati huo lilionekana kama ndoto: kama mgonjwa hawezi kumfikia mpasuaji, mpasuaji na amfikie mgonjwa, kwa ndege.

Mwaka uliofuata, 1957, shirika likazaliwa. Ndilo tunalolijua kwa jina la AMREF, na madaktari wake wanaoruka. Wood ndiye aliyeliendesha kwa miongo kadhaa, akitua kwenye viwanja vya nyasi na kupasua katika hospitali za misheni, hadi alipostaafu. Alifariki mwaka wa 1987. Miaka ya mwanzo ya 1960 mtandao wa redio uliziunganisha hospitali za mbali na Nairobi. Kutoka upasuaji wa nyuso, shirika lilipanuka hadi chanjo, maji safi na mafunzo ya wahudumu wa afya, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya afya yenye makao yake barani Afrika. Rees naye aliishi hadi 2013. Uzeeni aliiacha patasi ya daktari akashika ya msanii, akawa mchongaji wa sanamu huko New Mexico.

McIndoe hakuyaona mengi ya hayo. Afya yake ilikuwa imezorota, moyo na macho vikimsumbua, na usiku mmoja wa Aprili 1960 alifariki usingizini nyumbani kwake London. Alikuwa na umri wa miaka 59. Majivu yake yaliwekwa katika St Clement Danes, kanisa la wanahewa jijini humo, heshima ambayo raia hapewi hivi hivi.

Katika Gusii kuna watu ambao wangemwelewa McIndoe bila mkalimani. Ababari, wapasuaji wa jadi wa Abagusii, walikuwa wakiwatibu waliopigwa kichwani na kubaki na maumivu yasiyokwisha. Omobari aliifungua ngozi ya kichwa, akalikwangua fuvu kidogo kidogo, na umahiri wake ulipimwa kwa jambo moja: asiutoboe utando unaoufunika ubongo. Aliyeutoboa aliua. Mwaka wa 1985 mpasuaji Mmarekani, David Furnas, pamoja na wenzake waliandika kuhusu kazi hiyo, na hawakuichapisha katika jarida la mila na desturi. Waliichapisha katika jarida la kitaaluma la wapasuaji wa kurekebisha maumbile, fani ya McIndoe. Nadhani walijua walikuwa wanawaandikia watu wa ukoo mmoja.

Tofauti ni kwamba omobari hakuwa na ndege wala redio, na maarifa yake hayakuingizwa katika mtaala wa chuo chochote. Na mtoto wa Nyamarambe aliyeungua uso leo bado husubiri. Wapasuaji waliobobea katika kazi hii nchini wangali wachache, na walio wengi wamo Nairobi, ambako baadhi ya wateja wao ni watu wenye pua zisizo na kasoro ila upana wa mababu zao. Mwenye fedha zake ana hiari yake. Lakini saa ya mpasuaji ni moja. Ikitumiwa kuipunguza pua nzima, haitumiki kulilegeza kovu la mtoto. McIndoe mwenyewe aliishi ndani ya mvutano huo, kwani ni pua za matajiri zilizomlipia shamba, na ni shambani alikowaona maskini.

Mwezi wa Juni 2014 sanamu yake ilizinduliwa mjini East Grinstead na Bintimfalme Anne. Aliyeichonga ni Martin Jennings, ambaye babake alikuwa mmoja wa wale walioungua na kutibiwa na McIndoe. Daktari amesimama, mikono yake minene ikiwa juu ya mabega ya mwanahewa aliyeketi mbele yake. Mwanahewa huyo ameinua uso kuelekea angani. Mchongaji angeweza kumpa uso laini. Amemwachia makovu yake, na vidole vyake vilivyokunjika.